Gofre za Maji

Kwetu Muheto, milimani Masisi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuja kuolewa, mamamkwe wake akamwita Mukamwana, yaani mke wa mwanangu, na sisi majirani tukashika hilo hilo. Padri naye alimwita Mukamwana, na watoto wake mwenyewe vilevile walipokuwa wamemkasirikia. Nimeishi naye ua kwa ua miaka mingi, tumeazimana moto, chumvi na maneno makali, lakini ukiniuliza leo jina alilobatizwa nitakuambia ngoja nifikirie, kisha nitaanza kuzungumza mambo mengine.

Alikuwa mtu wa Walikale, wa msituni kabisa. Mume wake, mwashi mpole ambaye hata mbuzi hawakumpisha njiani, alikwenda huko chini kujenga nyumba za wazungu wa mgodi, akarudi na mke, sanduku moja la bati, na kitu kingine kilichofungwa ndani ya gunia. Sisi tulidhani ni bunduki. Kumbe ni chuma cha gofre. Kwa asiyekijua, ni vibao viwili vya chuma vinavyofumbana, ndani vimechorwa vijumba vidogo vidogo, na vina mikono miwili mirefu ya kushikia. Unamimina unga uliokorogwa, unafumba, unaweka motoni, unageuza, na ukifungua unatoa mkate mwembamba wenye vijumba pande zote mbili. Huo ndio gofre. Madamu mmoja aliyemfanyia kazi ya jikoni huko mgodini alimwachia chuma hicho siku aliyorudi Ulaya. Wenzake waliachiwa magauni. Yeye aliachiwa mzigo wa kuvunja shingo, naye akaubeba msitu mzima mpaka mlimani kwetu.

Nilijifunza kwake namna ya kupika gofre, na mpaka leo nikimwona mtu anafungua chuma kabla ya wakati nasikia uchungu. Unga wa ngano ulikuwa wa shida, basi alichanganya na wa mahindi uliosagwa laini, na ndizi mbivu moja iliyopondwa pale sukari ilipokosekana. Mayai mawili, au moja kama kuku walikuwa na kiburi wiki hiyo. Ili unga uumuke alitia povu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaufunika usiku kucha karibu na mafiga. Kukipaka chuma alitumia mafuta ya mawese yaliyotoka kwao, na mafuta mengine yote aliyaita machozi. Kisha anamimina, anafumba, mvuke unaanza kutoka pembeni, na sisi wanawake tuliokaa pale tunaanza kuharakisha mambo.

"Fungua basi, Mukamwana, itaungua."

"Acha chuma kiseme."

Maana yake ni kwamba mvuke ukiisha wenyewe, gofre imeiva. Ukifungua mvuke ungali unatoka, gofre inapasuka katikati, nusu inabaki juu na nusu chini. Nilifungua hivyo mara nyingi, maana mimi si mtu wa kungoja. Alinitazama tu, akachukua kijiti, akaanza kukwangua bila kusema, na huko kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kutukanwa.

Mdomo alikuwa nao, usinielewe vibaya. Siku moja padri alipita kwake baada ya misa, akapewa gofre mbili kwenye jani la ndizi, akala, akasema kwao wanaweka sukari juu. Mukamwana akamjibu, "Siye kwetu tunaweka njaa juu, Padri." Padri alicheka mpaka ndevu zikajaa unga. Mimi niliona haya kwa niaba yake, lakini yeye alikuwa ameshageukia chuma. Alikuwa bahili wa kuni hata ungefikiri kila kijiti amekizaa, lakini gofre aligawa kama maji, hata kwa watu waliomsengenya na ambao alijua wanamsengenya. Wazee wa kike wa kwetu, ambao kwa desturi ya zamani hawakupaswa kula mayai, walikula gofre zake na kusema hawajui zina nini ndani. Walijua vizuri sana.

Akikosea, neno lake lilikuwa moja: "Mi ni muntu wa pori, munisamehe." Akishinda ubishi vilevile, "Mi ni muntu wa pori, munisamehe." Ilibidi umtazame usoni kujua ni ipi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa na mzaha. Mukamwana hakugusa maziwa. Masisi, mahali ambapo maziwa ndiyo salamu na ndiyo chakula, yeye hakunywa, hakushika chombo chake, na ng'ombe wakipita njiani alisimama pembeni kama mtu anayempisha chifu. Mgeni angesema huyu ni mtu wa msitu, hajazoea. Sivyo. Alikuwa akishika mwiko kuliko sisi tuliozaliwa nao.

Niliseme jambo lenyewe lilivyokuwa. Kwetu maziwa hayapandi motoni. Unayanywa yakiwa bado na joto la ng'ombe mwenyewe, au unayaacha yagande, unatikisa siagi, lakini kuyapika, hapana. Ukiyapika, ziwa la ng'ombe aliyeyatoa linafanya vidonda na kukauka. Hilo hata mtoto anayetambaa analijua kwetu, na ndiyo sababu hakuna anayelisema. Mume alidhani mama yake amemwambia mkewe. Mama alidhani mwanawe amemwambia. Na msichana mwenyewe alitoka mahali ambapo ng'ombe ni kitu cha kusimuliwa, akafundishwa na madamu kwamba gofre ni unga, mayai na maziwa.

Ilikuwa wakati wa vita vya wazungu, mwaka wake wa kwanza kwetu. Siku hiyo alikuwa amepewa mafiga yake mwenyewe, kwa hiyo angepika kwa mara ya kwanza bila kusimamiwa. Asubuhi mamamkwe alikuwa amempa maziwa katika chombo cha mti, ishara ya kumpokea, kutoka kwa ng'ombe mmoja aliyekuwa naye, mwenye paji jeupe. Mukamwana akaona, nimrudishie heshima hii namna gani? Akatoa chuma kwenye gunia.

Nilikuwepo gofre zilipoletwa. Mamamkwe alikula moja, akala ya pili, akajipangusa mdomo. Alikuwa mwanamke mgumu, sifa zilimtoka kwa shida, lakini alisema, "Muko wangu," yaani mkwe wangu, "amejua kupika." Kisha akauliza kwa furaha kabisa, "Ulitia nini ndani?"

"Unga, mama, na mayai. Na maziwa ile ulinipa."

"Ulipandisha maziwa ku moto?"

"Ndiyo, mama." Alikuwa bado anacheka.

Mamamkwe aliiweka chini gofre ya tatu. Hakupiga kelele. Aliondoka, akaenda zizini, akasimama na ng'ombe wake mpaka jua likazama.

Ng'ombe yule aliugua ziwa kabla ya mwezi kwisha. Mimi ni mzee sasa, nimeona ng'ombe wengi wakivimba ziwa ambao maziwa yao hayakuwahi kuona hata jivu, na nimesikia mganga wa mifugo wa serikali akieleza kwamba ni uchafu wa mikono. Inawezekana. Lakini wakati ule hatukuwa na mganga wa mifugo, tulikuwa na gofre. Ng'ombe alikauka, akakonda, mwishowe ikabidi achinjwe. Mamamkwe akasema mbele yetu sote, kwa sauti ya kawaida, "Mi sitakula tena ku mukono ya huyu."

Hakumfukuza. Hakumtukana hata siku moja. Walikaa ua mmoja, walilima shamba moja la maharagwe, waliongozana kanisani. Ila chakula cha Mukamwana hakikuingia kinywani mwake. Alijipikia mwenyewe, au alipikiwa na mimi. Nani asiyejua maana ya hilo? Mwanamke ambaye mamamkwe hali kwake ni mgeni, hata akizaa watoto saba. Mamamkwe akifa bila kula, basi ugeni huo hauna tena wa kuuondoa. Mukamwana alilielewa hilo haraka sana kwa mtu wa pori.

Kuanzia hapo akaanza kupika kwa maji. Alipoteza unga mwingi akitafuta kipimo, maana gofre za maji mwanzoni zilikuwa ngumu hata mbwa walizitazama mara mbili. Ndipo akapata hila ya povu la kasiksi na ya ndizi iliyopondwa, zikawa laini, zikawa zile tulizozipenda sisi. Sifa zake zote Muheto zilitokana na kosa lile. Nikifikiri hivyo naumia, kwa sababu kila tulipomsifu tulikuwa tunaweka kidole kwenye kidonda.

Kila Jumapili baada ya misa alichagua zilizo nzuri, si ile ya kwanza ambayo siku zote hushika chumani, akazifunika kwa jani na kuzipeleka mlangoni kwa mamamkwe.

"Mama, nimeleta."

"Weka pale."

Anaweka. Wajukuu wanakuja wanakula. Wao wawili wanazungumza habari za mvua, za palizi, za jirani gani kazaa, wanacheka hata. Kisha anachukua jani tupu anarudi kwake. Mwanzoni nilikuwa nikimwambia aache, anajidhalilisha. Alinijibu, "We unakuwaka na haraka, njo maana gofre zako zinapasuka." Wiki nzima nikaazima chumvi kwingine.

Siku moja kaka yake alikuja kutoka Walikale na mzigo wa mawese na nyama ya kukaushwa. Jitu refu, mwindaji, sauti nzito. Alikaa siku chache, akaona Jumapili moja jinsi mambo yanavyokwenda, na jioni yake nilisikia wakibishana uani kwa lugha yao, halafu kwa Kiswahili, nadhani ili shemeji naye asikie.

"Dada, turudi kwetu. Huku banakuona mulozi, muchawi."

"Hapana. Hawanioni mulozi. Wananioneaka huruma."

"Njo mbaya zaidi. Rudi."

"Nitarudi namna gani? Mama bado hajakula."

Kaka alimtazama shemeji yake. Yule mwashi mpole aliinamisha kichwa, akaendelea kunoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali. Mara ngapi nilitamani yule mwanaume aseme neno moja kwa mama yake! Hakusema. Alimpenda mkewe, alinunua ng'ombe mwingine, alileta kuni bila kuombwa, lakini neno lile halikumtoka.

Miaka ilipita hivyo. Mamamkwe akazeeka, akapoteza meno ya upande mmoja, kisha kiangazi kimoja akashikwa na homa ambayo haikuondoka. Nilikuwa nakwenda asubuhi kumwosha. Mukamwana naye alikuwa pale siku zote, anafua, anafagia, anambeba kumpeleka nje juani, na uji napika mimi.

Asubuhi moja, nikimfunga kitambaa, mzee akageuza kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini safi.

"Mukamwana."

"Mama."

"Unifanyie ile yako ya chuma. Utie maziwa."

Nilimsikia vizuri, nilikuwa nimemshika kichwa. Mukamwana alisimama na ufagio mkononi. Mzee akafumba macho akasema tena, polepole kama anamwelekeza mtoto njia, "Na maziwa. Kama siku ile."

Nilimfuata jikoni. Maziwa yalikuwepo, mume alikuwa ameyaleta asubuhi ile ile kutoka kwa ng'ombe wake. Mukamwana alikishika chombo kwa mikono miwili, na sikuwa nimemwona akikishika tangu mwaka ule wa kwanza.

"Homa njo inasema," akaniambia. "Si yeye."

"Ni yeye. Amekuomba mara mbili."

"Na ng'ombe akikauka? Na mama akikula, kesho akufe? Bantu batasema nini?"

"Waseme. Yeye ndiye ameomba."

Unga ulikuwepo, mayai yalikuwepo, moto ulikuwa mzuri. Kisha akakiweka chombo mahali pake, akakifunika, akachukua kata ya maji.

Alipika kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona. Aliacha chuma kiseme mpaka mwisho. Ilitoka gofre moja ya rangi ya asali, haijashika mahali popote, akaikata vipande vidogo kwa ajili ya yale meno ya upande mmoja. Akaingia, akapiga magoti, akamlisha kipande cha kwanza kwa mkono wake.

Mzee alikipokea. Alitafuna. Mimi machozi yalikuwa yameshanitoka, nikasema moyoni, yamekwisha, Mungu asifiwe. Akatafuna tena, akaacha.

"Iko ya maji."

"Ndiyo, mama."

"Nilisema maziwa."

"Niliogopa, mama."

Mamamkwe alimtazama sana. Hapakuwa na hasira katika macho yale, na afadhali ingekuwepo. Akameza kile kilichokuwa mdomoni, akasema, "Basi, mwanangu," akageukia ukutani. Hakuomba kitu tena, na siku ya tatu tukamzika.

Matangani wanawake walimfariji Mukamwana, wakisema amebahatika, mzee amekula mkononi mwake kabla ya kwenda. Alikuwa akiitikia tu, ndiyo, ndiyo. Lakini chuma hakikuonekana tena motoni. Jumapili zilikuja, watoto walizunguka uani kwake wakinusa, wakarudi makwao. Mwashi alikufa miaka michache baadaye, aliporomokewa na ukuta, na baada ya matanga yale Mukamwana alifunga sanduku lake la bati, akachukua gunia lake, akashuka kwao. Tuliagana njiani vibaya, kila mmoja akijifanya ana haraka.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Mwanangu alikuwa ameoa binti wa Walikale, nami nikashuka kwenda kuwasalimu wakwe, juu ya lori la mbao, nikiwa mama mtu mzima wa kurushwa huku na huku kama gunia la viazi. Nikauliza habari zake, nikaonyeshwa nyumba nyuma ya soko, chini ya michikichi. Alikuwa amenenepa, nywele nyeupe. Aliponiona hakusema karibu, alisema, "Umekuja kupasua gofre zangu tena." Tulishikana mikono tukacheka mpaka tukakaa chini.

Halafu akatoa chuma. Alikuwa ameanza kupika tena, si zamani, alivyoniambia. Nikamtazama anakoroga. Unga, yai, kisha akainuka, akaleta kopo la maziwa ya dukani, yale mazito ya wazungu, akalitoboa kwa msumari na kulimimina lote. Nilishtuka. Mwili wangu ulirudi nyuma wenyewe, mimi niliyemwambia mara ile apike kwa maziwa.

"Usiogope," akasema. "Hii ng'ombe hatuijue. Iko mbali."

Akamimina, akafumba, tukangoja. Mvuke ulipoisha akafungua, akaikata gofre nusu, akaniwekea yangu kwenye jani. Yake hakuila. Aliniangalia mdomo.

"Onja uniambie. We unazijua zote mbili. Inapita ile ya maji?"

Nikala. Nilitafuna taratibu kuliko nilivyowahi kutafuna kitu maishani, maana niliona amekuwa akimngoja mtu wa kumuuliza hilo. Nilitaka kudanganya, lakini sikujua uongo upi ungemsaidia. Nikisema inapita, nimemwambia alimnyima mzee utamu. Nikisema haipiti, sikujua nimemwambia nini.

"Zinafanana," nikasema. "Hii ni laini kidogo. Kidogo tu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

"Nilifikiri vile. Mama hakuwa na hamu ya maziwa." Alikuwa anakwangua pembe za chuma, ingawa hakukuwa na kitu kilichoshika. "Alikuwa ananirudishia ng'ombe yake, dada. Ananiambia deni imeisha, chukua. Na mi nikamukatalia."

Nilivuta jani karibu, nikala nusu yangu mpaka nikaimaliza, kisha nikala na yake.